Kadi ya Shangazi Imegoma

Sogeeni karibu, wajukuu, na simu zenu mziweke mifukoni kwanza. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, lakini mjanja yumo, mlafi yumo, na kuna msafiri anayezunguka dunia akarudi kabla hujamaliza kupiga chafya.

Palikuwa na binti mmoja wa Tengeru, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mchoraji. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ukipita upande wa ndizi ungemkuta nyuma ya mikungu ya shangazi yake, anachora kwa kidole kwenye kioo cha simu. Alimchora mama anayepanga mafungu ya nyanya. Alimchora mbeba mizigo na gunia lake la karoti, na konda wa daladala aliyening'inia mlangoni akiita abiria wa mjini. Nyuma yao wote aliuweka Mlima Meru, wingu likiwa limeufunika kichwa. Watu walisimama kutazama, wengine wakasahau kununua ndizi, jambo ambalo shangazi hakulipenda hata kidogo.

Programu aliyochorea ilikuwa ya bure, na cha bure kina lake. Kila picha ilipigwa muhuri mkubwa wa kampuni katikati, wakati mwingine usoni kabisa mwa mtu. Kuuondoa muhuri huo kulitaka dola 12 kwa mwaka. Kampuni yenyewe iko ng'ambo. Haipokei M-Pesa, haipokei Mixx, haipokei Airtel Money. Inataka kadi.

Shangazi alikuwa nayo kadi. Hoteli moja mjini Arusha hununua kwake ndizi mshale na kumlipa kupitia benki, kwa hiyo benki walimpa kadi, naye akaitumia kwenye ATM tu, mwaka hadi mwaka. Akasema, "Umefaulu vizuri mtihani wa kidato cha pili, na zawadi sijakupa. Lete hiyo simu." Jioni wakakaa mezani, shangazi akavaa miwani, akaandika mwenyewe namba ya kadi, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma. Binti aligeuza uso pembeni wakati tarakimu hizo zinaandikwa. Hakuambiwa, ana adabu zake.

Wakabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu yakatokea maandishi mekundu: malipo yamekataliwa, tafadhali tumia kadi nyingine.

"Kadi nyingine niitoe wapi?" akauliza shangazi. "Hii moja yenyewe nimeipata kwa jasho."

"Labda ni mtandao, shangazi. Nibonyeze tena?"

Na kidole cha binti kikaanza kushuka.

Hapo ndipo nataka tumsimamishe, kidole kikiwa hewani. Wengi wetu tukikataliwa hubonyeza tena, na tena, kwa hasira zaidi kila mara. Swali la maana kabla ya kubonyeza ni moja: nani amekataa? Maana kwenye safari ya malipo wanaoweza kusema hapana ni kadhaa, na kila mmoja ana sababu zake. Ukienda kumlilia asiyehusika, utalia hadi usiku.

Basi tumfuate msafiri wetu. Unapobonyeza "lipa", hela haiendi popote kwanza. Linalokwenda ni swali, na swali hili mlichukulie kuwa mjumbe aliyetumwa na barua: "Mwenye kadi hii anataka kulipa dola 12. Je, mnamruhusu?" Mjumbe anatoka Tengeru kwenye simu ya binti, anapanda mnara, anashika njia ya Dar es Salaam, anaingia kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, anafika kwa muuzaji. Muuzaji hana uwezo wa kujua shangazi ana shilingi ngapi, kwa hiyo anampa mjumbe kwa kampuni inayomshughulikia malipo. Hiyo inampeleka kwa benki ya muuzaji. Benki ya muuzaji inamkabidhi kwa mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Mtandao unatazama tarakimu za mwanzo za kadi, unatambua ni benki gani iliyoitoa, na unamrudisha mjumbe huku huku Tanzania, kwenye kompyuta za benki ya shangazi. Pale ndipo jibu linapotolewa. Kisha mjumbe anarudi kwa njia ile ile aliyokwenda nayo, mlango kwa mlango, hadi kwenye kioo cha simu. Yote hayo huchukua sekunde chache.

Haikuwa hivyo zamani. Huko Marekani, kadi za benki zilipoanza kuenea, muuzaji aliyepewa kadi kwa bidhaa ya bei kubwa alishika simu, akapiga, akasubiri mtu apekue orodha, mteja akiwa amesimama kaunta anang'ata kucha. Mwaka 1973 ndipo shirika lililokuja kuitwa Visa lilipoanzisha mfumo wa kompyuta wa kuuliza na kujibu. Na kununua kwa kadi kwenye intaneti kulikuja baadaye zaidi. Miongoni mwa mauzo ya kwanza ya namna hiyo yanayokumbukwa ni ya tarehe 11 Agosti 1994: mtu wa Philadelphia alinunua santuri ya mwanamuziki Sting kwa dola 12 na senti 48, mbali na gharama ya kuituma, na namba ya kadi yake ikasafiri ikiwa imefichwa kwa hesabu ili asiyehusika asiisome. Dola 12, karibu sawa na muhuri wa binti yetu. Tofauti ni kwamba yule wa Philadelphia alikubaliwa.

Sasa turudi kwa wanaokataa. Wa kwanza huwa hata si mtu wa safari. Ni ukurasa wenyewe wa malipo, ulio mbele ya macho yako. Ukikosea tarakimu moja, kisanduku huwa chekundu papo hapo, kabla mjumbe hajatoka nyumbani. Umewahi kujiuliza ukurasa umejuaje? Haujaiuliza benki. Umepiga hesabu, na hesabu hiyo hata nyinyi mnaiweza. Chukueni karatasi.

Namba yetu ya mchezo iwe 278911. Namba za kadi nyingi zina tarakimu 16, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza iache, ya pili izidishe kwa mbili, ya tatu iache, ya nne izidishe, endelea hivyo hadi mwisho. Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, jumlisha tarakimu za jibu: 16 inakuwa 1 na 6, yaani 7. Kwa namba yetu tunapata 1, 2, 9, 7, 7 na 4. Jumlisha: 30. Inagawanyika kwa 10 bila baki, kwa hiyo namba inaweza kuwa ya kweli. Sasa jifanye umekosea, ukazipishanisha 7 na 8 ukaandika 287911. Piga hesabu upya: 1, 2, 9, 5, 8, 4. Jumla ni 29. Haigawanyiki. Chekundu!

Aliyeibuni hesabu hii ni Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, mzaliwa wa Ujerumani. Aliomba hataza mwaka 1954, akaipata 1960, wakati kompyuta zilijaza chumba kizima. Inanasa kosa lolote la tarakimu moja, na inanasa karibu kila kosa la kupishanisha tarakimu mbili jirani. Nimesema karibu. Ukiandika 90 badala ya 09, inakuacha upite. Jaribuni wenyewe muone kwa nini. Mimi siwapi jibu.

Lakini kadi ya shangazi iliandikwa sawasawa. Kisanduku hakikuwa chekundu, kiduara kilizunguka, mjumbe alitoka. Kwa hiyo hapana ilitoka mbali zaidi.

Kuna nyakati ambapo hakuna aliyekataa kabisa. Mjumbe alikwama njiani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikazorota. Siku kama hiyo hata kadi yenye mamilioni hugoma. Wakati mwingine ni benki yenyewe imezima mitambo kwa matengenezo usiku. Dalili yake ni rahisi kuiona: kurasa nyingine nazo hazifunguki, au jirani naye analalamika. Hiyo haitaki ujanja wowote. Inataka usubiri.

Lakini mara nyingi aliyekataa ni benki iliyotoa kadi, na hapa kuna jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Benki haisemi "hapana" tupu. Inampa mjumbe namba ya jibu yenye tarakimu mbili, kwa utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 8583, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987. 51 maana yake salio halitoshi. 54, kadi imepitwa na tarehe. 14, namba ya kadi haipo kwenye vitabu vyetu. 57, kadi hii hairuhusiwi malipo ya aina hiyo. 61, umevuka kiwango cha siku. 91, benki haipatikani. 41 ni kadi iliyoripotiwa kupotea, na 43 ni iliyoibiwa. Halafu ipo 05, ambayo kwa lugha yetu ni sawa na kusema: msimkubalie, na msiulize zaidi.

Hiyo 05 ndiyo inayowatia watu wazimu. Benki inajua sababu, lakini hailazimiki kuitaja. Ni ukaidi? Fikirini kidogo. Benki haioni uso wa anayelipa. Huenda ni shangazi wa Tengeru mwenye miwani, huenda ni mwizi aliyeokota namba yake. Ukimwambia mwizi "tarakimu tatu za nyuma umekosea, namba nyingine zote ni sahihi," umemfundisha kazi. Bora anyamaziwe. Na muuzaji naye, hata akipewa namba kamili ya jibu, kwa kawaida kwenye kioo huandika neno moja tu: imekataliwa.

Ndiyo maana nimekisimamisha kidole cha binti. Wapo wezi wanaonunua namba za kadi zilizoibwa kwa maelfu, wakazijaribisha kwa programu, kiasi kidogo kidogo, haraka haraka, waone ipi bado hai. Kompyuta za benki zimefunzwa kuitambua tabia hiyo. Sasa wewe ukibonyeza, ukabonyeza, ukabonyeza, ukabadilisha tarakimu za nyuma kwa kubahatisha, ukabonyeza tena, unaonekana vipi kule? Benki inaifunga kadi kabisa, na tatizo dogo linazaa kubwa. Kama hujabadilisha kitu chochote, usibonyeze tena.

Shangazi hakuwa na habari ya haya yote, lakini ni mfanyabiashara. Aliyemkatalia bei humuuliza sababu. Akaigeuza kadi, akasoma namba ya huduma kwa wateja iliyochapwa mgongoni, akapiga. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Hakuitafuta namba kwenye mtandao, ambako mjanja yeyote anaweza kuweka ya kwake akaiita ya benki. Aliichukua pale ambapo benki yenyewe imeichapa.

"Shikamoo mama, karibu, nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Kadi yangu imegoma kulipa kwenye simu."

Kijana akamuuliza jina, tarakimu nne za mwisho za kadi na maswali mawili matatu ya kumtambua. Hakuuliza namba ya siri, wala tarakimu tatu za nyuma. Shangazi alilitambua hilo, na mtaona baadaye lilivyomfaa.

"Mama, kadi yako haijawahi kufunguliwa kwa malipo ya mtandaoni. ATM inakubali, dukani inakubali, mtandaoni imefungwa."

"Kaifunga nani?"

"Sisi, mama. Ni kwa usalama wako."

"Na mkaniambia lini?"

Kijana akacheka, shangazi naye akacheka, na hasira ikaisha. Kufungua kwenyewe hakukuwa kazi: kwenye programu ya benki ndani ya simu yake kulikuwa na sehemu ya kadi, na humo kitufe cha kuwasha au kuzima malipo ya mtandaoni. Alikuwa amekipita mara nyingi bila kukiona. Kwenye baadhi ya benki ni menyu ya nyota na reli, kwingine unajaza fomu tawini. Uliza ya kwenu ikoje.

"Na jingine, mama. Salio lako halitatosha."

Hapo shangazi akakaa vizuri. Alikuwa amepiga hesabu mapema. Tuseme dola moja ilitajwa redioni kuwa shilingi 2,600. Mara 12 ni 31,200. Kwenye akaunti aliacha 33,000. Imebaki, tena na chenji! Lakini benki haikuuzii dola kwa bei ya redioni. Ina bei yake ya kuuza, ya juu kidogo. Juu ya hapo kuna makato ya kulipa kwa fedha ya kigeni. Na akaunti nyingi zina kiasi cha chini kisichoguswa, ambacho unakiona kwenye salio lakini si cha kutumia. Ukiondoa hayo yote, 33,000 ni pungufu. Kwa hiyo unapolipa kwa dola, weka ziada ya kutosha, usiweke sawa na bei. Shangazi akaongeza elfu kumi kwa wakala aliye jirani na stendi.

Wakaandika tena. Safari hii kadi haikukataliwa. Ulifunguka ukurasa mwingine wenye nembo ya benki: tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye simu inayoishia na 41, iandike hapa. Wakasubiri mlio wa ujumbe. Kimya.

"Shangazi, simu yako si inaishia na 87?"

"Ile ya 41 niliibiwa soko la Kilombero, miaka hiyo. Nikanunua laini mpya."

Wakati ule aliwaambia wateja wake wote kwamba kabadili namba. Benki akaisahau. Na hapa sitanii: laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na baadaye namba ile ile inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Kuna uwezekano kwamba mtu asiyemjua shangazi alikuwa akipokea ujumbe wa salio lake. Waulizeni wazazi wenu leo, benki inayo namba yao ipi.

Hili la namba ya simu halikumalizika kwa kupiga simu, na ni sawa lisimalizike, maana lingekuwa rahisi hivyo, mwizi naye angelimaliza. Alhamisi, siku isiyo ya soko, shangazi alipanda daladala, akapita Ngulelo hadi mjini, kitambulisho cha NIDA mkobani, akapanga foleni tawini, akajaza fomu, akatoka namba mpya ikiwa imesajiliwa.

Na akiwa hajafika hata kituoni, simu yake ikaita. Huyu ndiye mjanja niliyewaahidi.

"Habari mama, napiga kutoka benki. Tumeona kadi yako ina tatizo la malipo. Tunakutumia namba sasa hivi, utusomee ili tuifungue."

Mnashangaa kajuaje? Hakujua chochote. Watu hawa hupiga na kutuma ujumbe kwa maelfu, na katika maelfu hawakosekani wenye kadi zilizogoma wiki hiyo. Ni ndugu wa wale wa "ile hela itume kwenye namba hii," mnaowafahamu. Mtu mwenye tatizo huamini haraka anapotokea wa kumsaidia, na mlafi huyu anaishi kwa hilo. Namba ya uthibitisho ni ya kuandikwa na mwenye kadi, kwenye ukurasa alioufungua mwenyewe, kwa malipo anayoyafanya mwenyewe dakika hiyo. Haisomwi kwa mtu, hata awe na sauti ya padri.

Shangazi alimkumbuka yule kijana wa huduma kwa wateja, ambaye hakuuliza namba yoyote ya siri. Akasema taratibu, "Kama ni wa benki, baba, hebu niambie kwenye akaunti nina shilingi ngapi."

Simu ikakatika.

Muda mfupi baadaye ukaja ujumbe wa maandishi wa aina ile ile, na alipofika nyumbani binti akausambaza kwenda 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeiweka kwa ajili ya kuripoti ujumbe wa utapeli.

Jioni hiyo wakarudi mezani. Namba ya uthibitisho ikaingia, shangazi akaiandika kabla muda wake haujaisha, kiduara kikazunguka, na mara ikasikika milio miwili kwa pamoja. Simu ya shangazi ilionyesha ujumbe wa benki: hela imekatwa. Simu ya binti ilionyesha maandishi mekundu: malipo hayakukamilika.

"Sasa huu ni wizi!" akasema shangazi, na safari hii hakucheka.

Tuulize lile swali letu. Nani amekataa? Si benki, benki imekubali, ujumbe ndio huo. Aliyekataa ni muuzaji. Wauzaji wengi wa ng'ambo hulinganisha anwani uliyoandika na nchi ilikotoka kadi, na Marekani, Kanada na Uingereza wana utaratibu wa kulinganisha hata mtaa na postikodi. Binti alipotazama vizuri, ukurasa ulikuwa umejijazia nchi wenyewe: Marekani. Kadi ya Tanzania, anwani ya Marekani. Kompyuta ya muuzaji ikanusa mwizi. Akachagua Tanzania, akaandika S.L.P. ya shangazi na mji, akaandika jina kama lilivyochapwa kwenye kadi, majina yote, si lile la sokoni. Kwenye postikodi aliweka tarakimu tano za kata yao. Za mkoa wa Arusha huanza na 23. Na namba ya simu aliianza na 255 badala ya sifuri.

Na ile hela? Haikuwa imeenda. Benki ilipokubali, iliitenga kando ikimsubiri muuzaji aje kuichukua. Muuzaji asipokuja, hurudi kwenye salio yenyewe, mara nyingi ndani ya siku kadhaa, ingawa benki nyingine huchukua muda mrefu zaidi. Ukiona hivyo, piga picha ya kioo penye maandishi ya kukataliwa, hifadhi ujumbe wa benki, na isiporudi uwapelekee vyote viwili. Tatizo ni kwamba wakati imetengwa huwezi kuitumia, kwa hiyo shangazi alilazimika kusubiri irudi ndipo wajaribu upya. Binti alichora wiki nzima na muhuri usoni mwa watu.

Kuna atakayeuliza: sisi nyumbani hatuna akaunti ya benki, je? Kampuni za simu hapa nchini hutoa kadi isiyo na plastiki, iliyo ndani ya menyu ya pochi yako ya simu. Unapewa namba, tarehe na tarakimu tatu, unaiwekea kiasi unachotaka, unalipa. Mimi naipenda kuliko ile ya plastiki kwa manunuzi ya namna hii, maana namba yake ikiibiwa, mwizi anakuta kile kidogo ulichoweka. Lakini mambo mengine yote ni yale yale: salio lizidi bei, nchi iandikwe sawa, na mjumbe anapita njia ile ile. Pia wapo wauzaji wasiozikubali kadi za namna hiyo kabisa, na hao huna la kuwafanya ila kutafuta muuzaji mwingine.

Hela iliporudi, wakalipa. Ilikubali bila hata kelele. Muhuri ukatoka, na mchoro wa kwanza kusafishwa ulikuwa wa shangazi mwenyewe akihesabu noti. Shangazi aliutazama kidogo tu. Macho yake yalikuwa chini ya risiti, kwenye maandishi madogo.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Kwamba itajilipa yenyewe mwaka kesho, tarehe kama ya leo."

"Bila kuniuliza?"

"Watakuwa na namba ya kadi, shangazi. Watamtuma mjumbe wenyewe."

"Tafuta pa kuzima."

Binti akatafuta. Palikuwa pamefichwa ndani ya mipangilio, chini ya jina la akaunti, chini ya malipo, kwa rangi hafifu ya kijivu. Akazima, na programu ikamhakikishia kwamba mwaka wake aliolipia bado ni wake. Shangazi naye akafungua programu ya benki kwenye simu yake, akaenda kwenye kile kitufe cha malipo ya mtandaoni, akakifunga.

"Na nikitaka kununua kitu tena?" akauliza binti.

"Utakuja kuniomba. Nikikubali, nitakifungua."